Leso Tatu za Jirani Yangu

Wanawake wa umri wangu bado wananisimamisha. Juzi nilikuwa Eastleigh nikitafuta kitambaa cha pazia, mwenye duka akanishika mkono, akanitazama usoni kwa muda, akasema, "Wewe si yule Madam wa zamani? Yule wa leso tatu?" Nikasema ndiye. Akaita wenzake wawili waje wanione, na mmoja akaniomba niyaseme yale maneno tena, kidogo tu. Nikawaambia nimeyasahau. Uongo mtupu. Yale maneno sitayasahau hata nizeeke nisahau jina langu, na nikiyasikia mdomoni mwa mtu mwingine natamani ardhi ipasuke niingie.

Basi wacha niseme, nimalize. Miaka ya tisini nilikuwa mwigizaji wa televisheni, kwenye mchezo wa Kiswahili uliokuwa ukionyeshwa kila Jumanne jioni baada ya habari. Nilikuwa mke wa tajiri, mwenye wigi, hereni kubwa na mdomo mchafu. Mtaani waliniita Madam, hata wazee wa kanisa. Nilifanya kazi hiyo miaka sita, na katika miaka yote sita watu wanakumbuka dakika tatu tu, zile ambazo nilikiri mbele ya kamera kwamba mtoto wangu sikumzaa. Wanasema walilia. Mimi pia nililia. Lakini maneno hayakuwa yangu. Niliyaiba kwa mwanamke aliyekuwa akinilisha.

Nilizaliwa Makongeni, baba akiwa kiwandani Industrial Area, na wazee wangu waliporudi Kakamega mimi nikabaki mjini. Nilikuwa na kazi ya kupiga taipu asubuhi, uigizaji mchana, na chumba kimoja Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za kanjo, za baraza la jiji, zilizopangwa mlango kwa mlango, bomba moja la maji katikati. Kuta zilikuwa nyembamba hivi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia afya.

Jirani yangu wa ukutani alikuwa mama wa Ukambani, ananizidi kama miaka kumi na tano. Mumewe alikuwa mchonga vinyago. Alishinda Pumwani akichonga twiga na vifaru, na miezi mingine alikwenda pwani kuwauzia watalii. Yeye mwenyewe aliuza nguo za watoto Gikomba, mitumba. Vumbi la yale marobota lilikuwa limemkaa kifuani, kwa hivyo kila akitaka kusema jambo zito alikohoa kwanza, kikohozi kidogo, mara mbili, ndipo aseme, "Sikiza." Mimi aliniita mwiitu, ndiyo binti kwa Kikamba. Mimi nilimwita Mama. Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa darasa la tatu, mwenye maswali kama polisi.

Siku za kurekodi nilirudi nimechoka, miguu imevimba kwa viatu vya Madam, nikakuta sahani mlangoni imefunikwa kwa sahani nyingine. Muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na sukumawiki pembeni. Hakuwahi kunitajia. Asubuhi niliosha sahani zake nikarudisha, naye akauliza tu, "Ulishiba?" Hivyo ndivyo tulivyoishi. Na Jumanne jioni ploti nzima, majirani wote wa zile nyumba, ilihamia kwake, maana yeye ndiye aliyekuwa na televisheni, ndogo, ya nyeusi na nyeupe, yenye kitambaa cha kushonwa kwa mkono juu yake. Kila mtu alikuja na stuli yake. Mimi nilipewa kiti cha mumewe. Nikitokea kwenye kioo nikimtukana mtumishi au kumfungia mama mkwe nje, jirani yangu aliwaambia watu, "Huyu ni wangu huyu," na akaniongeza chai.

Jumapili moja baada ya kanisa alibisha kwangu, akaingia, akafunga mlango. Mchana hatukuwa tukifunga milango. Akakaa kwenye stuli, akakohoa mara mbili.

"Sikiza, mwiitu. Wewe unajua kusema maneno mazito bila kuanguka. Nataka unifundishe."

Nikacheka. Nilidhani amepewa hotuba kwenye chama cha akina mama.

"Huyu mtoto si wa tumbo langu," akasema.

Akanieleza, macho yakiwa kwenye leso, kanga yake ya kiunoni, aliyokuwa akiikunja na kuikunjua magotini. Alikaa kwa mumewe miaka saba bila mtoto. Watu wa mume walishaanza kumtafutia mke mwingine. Kisha mdogo wake wa mwisho akapata mimba akiwa bado shuleni, na mama yao akaamua: huyu arudi darasani, yule apate mtoto, na mdomo ufungwe. Mume alikubali. Basi jirani yangu akaanza kujifunga leso tumboni, moja, halafu mbili, halafu tatu, na kwa miezi mitano akatembea kwenye ploti hii akishika mgongo, wanawake wakimpisha kwenye foleni ya maji. Kisha akaenda nyumbani kujifungua, na akarudi na mtoto. Watu walikuja na uji. Hakuna aliyejua, ila yeye, mumewe, mama yake na yule mdogo wake. Na sasa mimi.

"Nataka nimwambie akimaliza darasa la nane," akasema. "Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla dunia haijamwambia. Lakini nikijaribu peke yangu maneno yananitoroka."

Nilijisikia mtu mkubwa sana siku hiyo, siwezi kuficha. Mimi, msichana wa miaka ishirini na tano, nimepewa siri ya nyumba ya mtu. Nikamwambia tufanye kama tunavyofanya kazini. Nikakaa kitandani nikawa mtoto, yeye akabaki kwenye stuli akawa yeye. Mara ya kwanza aliomba msamaha tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia apunguze, mtoto hataki msamaha, anataka kujua yeye ni wa nani. Mara ya pili alilia kabla hajafika popote. Jumapili ya tatu yale ya leso yakaja yenyewe. Alikohoa, akaweka mkono tumboni, akasema:

"Sikiza, mama. Mimi sikukubeba kwa tumbo. Nilijifunga leso tatu miezi mitano, nikiomba Mungu asiniaibishe. Siku waliponipa wewe mikononi nikazifungua. Ya kwanza nikakufunika. Ya pili nikakubebea mgongoni. Ya tatu mpaka leo ndiyo unayolalia. Hakuna hata moja iliyobaki ya kudanganyia watu."

Sikuwa na la kumrekebisha. Nilikaa pale kitandani nikifuta macho, nikamwambia asiongeze neno wala asipunguze. Nikampa na ile sheria ya kazi yetu: ukikwama, usisimame. Shika chochote kilicho karibu ukiseme, lakini usisimame, maana ukisimama umekwisha. Akasema hiyo ni kama kubeba maji kichwani. Tukacheka.

Sasa lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana waigizaji wa siku hizi wanapewa karatasi zenye kila neno, wakilalamika ni nyingi. Sisi hatukuwa na karatasi. Mwongozaji wetu alikuwa na daftari moja la shule, na ndani yake sehemu nzima ya mchezo ilikuwa mistari minne. Alitusimamisha nje ya studio akatuambia: hapa bwana anaingia, mnagombana juu ya shamba, unamtupia funguo, mwisho. Maneno utajua mwenyewe. Tulijaribu mara mbili kwa haraka, kisha taa zikawashwa. Mkanda ulikuwa haba na saa za studio tulipimiwa, kwa hivyo kurudia hakukuwepo. Ukikosea jina la mumeo, unaendelea. Kiti kikivunjika, unaendelea ukiwa chini.

Siku hiyo nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa shamba. Nilikuja na matusi yangu tayari. Mwongozaji akafungua daftari akasema, "Shamba tumeliacha. Leo unakiri. Mtoto si wako. Nataka watu walie."

Mungu ni shahidi, sikuwa nimemwambia kitu. Mchezo wenyewe ulikuwa umefika hapo. Michezo ya namna ile, mtoto asiye wa mtu lazima atokee siku moja. Niliomba dakika tano nifikirie, akanionyesha saa ya ukutani. Tukaingia. Taa zikawaka.

Nilisema maneno mawili matatu ya kipumbavu, nikakwama. Yule aliyeigiza mume wangu alinitazama, akangoja, macho yake yakaanza kutafuta mlango. Nilisikia kichwani: usisimame. Mkono wangu ukaenda tumboni. Nikakohoa mara mbili.

Niliyasema yote. Si maneno tu, hata sauti. Madam alikuwa na sauti ya juu ya kujivuna, lakini hiyo ya leso ilitoka chini, polepole, ya Kikamba, jinsi jirani yangu alivyovuta mwisho wa neno. Nilibadilisha kidogo tu: badala ya "mama" nilisema "bwana wangu", na "wewe" ikawa "yeye", nikimwambia mume habari za mtoto aliyelala ndani. Mengine yote nilichukua kama yalivyo, leso kwa leso.

Taa zilipozimwa walipiga makofi. Hatukuwa na desturi ya kupigiana makofi. Yule dada wa kutupaka poda alikuwa analia na poda mkononi. Mwongozaji akaja, akanishika mabega, akaniuliza, "Umeyatoa wapi hayo?"

"Yamekuja tu," nikasema. Nikatabasamu.

Nilirudi nyumbani, nikakuta sahani mlangoni. Nilikula yote.

Usiku mmoja ulitosha kuniamsha. Kutoka siku ya kurekodi hadi siku ya kuonyeshwa zilikuwa wiki tatu, na nilijua vizuri kitakachotokea: Jumanne ya tatu watu watakuja na stuli zao, mtoto atakaa chini mbele ya wote kama kawaida yake, na mama yake atayasikia maneno yake mwenyewe mbele ya ploti nzima. Nilikwenda kwa mwongozaji. Nilimkuta kwenye korido anakunywa soda. Nikamwambia ile sehemu naomba ikatwe, si nzuri, nimekosea.

Alinicheka. "Sikiliza, dada yangu. Nilikuwa nimepanga mwezi ujao ufe kwa ajali ya gari, nilete mke mdogo. Baada ya ile, hufi tena. Sasa unataka niikate?"

Nilitazama sakafu. Nikasema, "Basi, iache."

Hapo ndipo nilipomuuza. Si studio. Studio nilikwama, na mtu aliyekwama hushika chochote. Kwenye korido nilikuwa na akili zangu zote, na nikachagua. Nimejaribu miaka yote hii kulisema jambo hili kwa namna nyingine na halina namna nyingine.

Na bado nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilikuwa na Jumapili tatu. Ya kwanza alikuwa na wageni kutoka nyumbani, nikasema si vizuri kumsumbua. Ya pili nilijifanya mgonjwa, akaniletea uji wa wimbi, akakaa nami akinipepea, nikanywa uji nikanyamaza. Ya tatu alikuja mwenyewe kufanya mazoezi. Nilikaa kitandani nikawa mtoto wake, nikamsikia akisema yale maneno hadi mwisho bila kulia, na siku mbili zilikuwa zimebaki. Akaniuliza, "Nimeiva?" Nikamwambia, "Mama, umeiva." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nilikuwa kwenye hizo leso.

Jumanne asubuhi niliomba ruhusa kazini nikisema kichwa kinaniuma. Antena ya ile televisheni ilikuwa juu ya mti mrefu uliofungwa kwa waya nyuma ya nyumba. Jirani alikuwa Gikomba, mtoto shuleni, mumewe pwani. Nikaushika ule mti kwa mikono miwili, nikauzungusha mpaka ukaangalia upande wa reli, ambako kila mtu alijua hakushiki kitu, nikafunga waya upya. Nilijiona mjanja. Mtu mzima, mwenye kazi mbili, nikiiba picha kwenye nyumba ya watu kama mwizi wa kuku.

Jioni watu walikuja. Habari zilikuwa chenga tupu, kioo kizima punje nyeupe zinazocheza, lakini nani alijali habari. Mchezo ulipoanza ndipo wakaanza kulalamika. Fundi wa viatu wa nyumba ya pili akasema antena imepigwa na upepo, akainuka. Nikainuka kabla yake.

"Kaa, mzee. Wacha mimi."

"Leo Madam mwenyewe ndiye fundi," akasema mtu, wakacheka. Jirani yangu akasema, "Mwiitu, chukua sweta, kuna baridi."

Nilikuwa nje, nimeshika ule mti, dirisha likiwa wazi juu ya kichwa changu. Waliniita kutoka ndani. "Bado." "Zungusha kidogo." "Umepita." Hakukuwa na kupita, nilikuwa siuzungushi. Nilisimama tu nikiutikisatikisa, nikihesabu dakika, nikiomba wachoke waende makwao. Kuna kitu nilichokuwa nimekisahau, na kila mtoto wa Shauri Moyo alikijua: kwenye zile televisheni, picha inapotea, sauti inabaki.

Nikasikia kikohozi. Mara mbili.

Kama wangeniona, na wigi na hereni, wangemwona Madam. Wangesema, tazama Madam leo anavyolia. Uso wangu ungemficha jirani yangu. Lakini kwenye chenga hakukuwa na uso, ilibaki sauti tu, na sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mwenye nyumba, ikitoka kwenye nyumba yake, ikisema kwa utulivu sikumbeba kwa tumbo, nilijifunga leso tatu miezi mitano. Mimi mwenyewe pale nje, niliyeisema, nilishtuka nikafikiri ni yeye anayeongea. Watu waliacha kuniita. Hakuna aliyesema bado wala umepita.

Kisha nikamsikia mtoto. "Mama, mbona uko kwa TV?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha katikati.

"Na hizo leso ni zetu," mtoto akasema. "Hiyo ya tatu si ndiyo nalalia?"

"Nyamaza tusikie mchezo," jirani yangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Alikaa akasikiliza hadi mwisho, hadi wimbo wa kufungia, na wote wakakaa naye maana hakuna aliyejua jinsi ya kuinuka.

Baadaye alitoka nje. Nilikuwa bado nimeshika ule mti, mikono imekufa ganzi. Aliangalia antena ilivyoelekea, kisha akaniangalia mimi. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru kama angenitukana, au angenizaba kofi mbele za watu.

"Wacha mti huo," akasema. "Ingia, chai yako inapoa."

Nikaingia, nikanywa. Hakuniambia neno lingine tena kwa siku kumi na mbili. Sahani pia hazikuja tena mlangoni.

Wanawake wa pale bombani hawakuwa wabaya. Walikuwa wamemshikia mtoto, wamemletea uji. Lakini mtu akishasikia amesikia. Mmoja alikumbuka hakuwahi kumwona akinyonyesha, ni chupa siku zote. Mwingine alikumbuka mimba ilikuwa kubwa leo na ndogo kesho. Walizungumza chini chini, wakinyamaza akija na mtungi wake, na hilo la kunyamaza alilisikia kuliko maneno. Mimi walinipongeza. Waliniambia nimemuiga vizuri sana, ati kumbe ndiyo maana nakaa kwake kila siku. Nilisema ni mchezo tu, mambo ya kutunga. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyoitikia kwa kichwa wakitazamana. Na watoto, wanaosikia kila kitu, walipeleka shuleni. Jirani yangu na watu wake walihama Shauri Moyo kabla ya Krismasi na sikuwaona tena. Lakini kabla hawajahama ipo Jumapili moja, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka watu wakinishika mkono madukani.

Alibisha. Nilipofungua hakuingia. "Njoo kwangu," akasema.

Msichana alikuwa amekaa kitandani, miguu haifiki chini, akiwa bado na gauni la kanisani. Televisheni ilikuwa imefunikwa kwa kile kitambaa hadi mbele. Jirani yangu akavuta stuli, akakaa mbele ya mtoto wake, jinsi tulivyokuwa tukikaa kwangu. Nikaelewa. Hakuweza tena kungoja darasa la nane. Mtu angemtangulia, kama hajatanguliwa tayari. Mimi nilisimama karibu na mlango, sikujua niweke wapi mikono.

Alikohoa mara mbili. "Sikiza, mama. Mimi sikukubeba kwa tumbo."

Mtoto akainua macho.

"Nilijifunga leso tatu miezi mitano, nikiomba Mungu asiniaibishe."

Mtoto akaanza kutabasamu. "Mama, hayo ni ya Madam."

"Ni yangu."

"Hapana. Nilisikia kwa TV. Hata shuleni wanayajua." Na akayamalizia mwenyewe, haraka haraka, kama shairi la kukariri, ya kwanza nikamfunika, ya pili nikambebea mgongoni. Alianza hata kwa kile kikohozi. Alikuwa na furaha kwamba ameyashika yote.

Jirani yangu alimwacha amalize. Kisha akanigeukia, na ndiyo mara ya kwanza aliniangalia tangu ile jioni ya chai. "Mwambie," akasema. "Mwambie ni nani aliyeanza."

Nikapiga magoti mbele ya mtoto. Nikamwambia si mchezo. Nikamwambia maneno yale ni ya mama yake, aliyatunga kwa ajili yake peke yake, mimi niliambiwa kwa siri nikayaiba, nikayasema mahali ambapo hayakupaswa kusemwa, na yote ni kweli, leso ni za kweli, na mama anayempenda ndiye huyu. Machozi yalinitoka, na yalikuwa machozi ya kweli, sijui nitamwapia nani aniamini.

Mtoto alinitazama kwa makini, kichwa upande, kama mtu anayechagua nguo.

"Anti, sasa hivi unaigiza?"

"Siigizi," nikasema. Nilitaka kuongeza neno, na kabla sijajizuia nilikuwa nimekohoa. Mara mbili.

Akapiga makofi. Alicheka kwa raha, akamwangalia mama yake aone kama na yeye ameona.

Jirani yangu aliinuka akafungua mlango. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu, kama jioni za Gikomba. "Nenda, mwiitu," akasema. "Nitatafuta mengine."

Nilikwenda kwangu nikakaa kitandani, mahali pangu pa kuwa mtoto. Ukuta ulikuwa ule ule mwembamba. Nikamsikia akisema, "Sikiza, mama," akasimama. Akaanza tena, akasimama. Alianza mara nne, na mara zote nne alisimama palepale, na mimi nilikuwa upande huu wa ukuta na maneno yake yote.